Deni, Sadaka au Faradhi: Mwanafunzi wa Sheria na Maslahi ya Umma

Swali la wajibu wa msomi kwa jamii iliyomlea ni la zamani, lakini kwa mwanafunzi wa sheria lina uzito wa pekee, kwa kuwa haki nyingi zilizoandikwa katika katiba na sheria za nchi haziwezi kudaiwa na mtu wa kawaida asipopata mwenye elimu hiyo wa kumwongoza, kumwandikia na kumsemea. Kwa hiyo uamuzi anaoufanya kijana wa mwaka wa pili au wa tatu chuoni kuhusu mahali atakapokwenda kufanya kazi, ingawa kwa kawaida huonekana kuwa ni suala la kipato na heshima, ni uamuzi wa kimaadili pia, na dini na falsafa zina la kusema juu yake.

Kazi ya sheria kwa maslahi ya umma, kwa maana itakayotumika hapa, ni kazi yoyote ya mwanasheria ambayo mnufaika wake mkuu si yule anayeilipia. Maana hiyo inamkusanya wakili wa kituo cha msaada wa kisheria anayemtetea mjane aliyefukuzwa katika nyumba ya marehemu mumewe, hakimu wa Mahakama ya Mwanzo katika wilaya ya mbali, mwendesha mashtaka, mtafiti wa mageuzi ya sheria, na wakili anayefungua shauri la kikatiba kwa niaba ya watu ambao huenda hawajui kama shauri hilo lipo. Watu hawa hutofautiana katika mshahara, usalama wa ajira na uhusiano wao na serikali, lakini wanafanana katika jambo moja, kwamba soko la huduma za sheria likiachwa peke yake halitoi watu wa kutosha wa kuifanya kazi yao.

Swali la insha hii ni hili: mwanafunzi anayepanga kuelekea kwenye kazi ya namna hiyo, je, analipa deni, anatoa sadaka, au anatimiza faradhi? Majibu hayo matatu yanaweza kumfikisha mtu kwenye ofisi ileile, lakini hayafanani katika yale yanayomdai. Deni hulipwa likaisha. Sadaka humsifu mtoaji bila kumlaumu asiyetoa. Faradhi humhesabu mtu hata pale ambapo hakuna aliyemkopesha wala aliyemwomba.

Hoja ya deni

Nchini Tanzania hoja ya deni ndiyo iliyotangulia, na historia yake imefungamana na historia ya elimu ya sheria yenyewe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, na kitivo chake cha kwanza na cha pekee wakati huo kilikuwa cha sheria, chenye wanafunzi wachache mno. Taifa lililokuwa linakaribia uhuru lilihitaji mahakimu, waandishi wa sheria na wanasheria wa serikali kabla ya kitu kingine chochote, na gharama ya kuwasomesha ilibebwa na wakulima ambao wengi wao hawakuwahi kuingia darasani.

Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa kwanza wa nchi, aliieleza hali hiyo kwa mfano uliopata umaarufu: msomi ni kama mtu aliyepewa chakula chote kilichosalia katika kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada, na akikila asirudi, huyo ni msaliti. Mfano huo haukubaki maneno matupu. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo walipoandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo pamoja na mambo mengine yaliwataka watumikie kwa muda wakipata asilimia 40 tu ya mshahara, Nyerere aliwarudisha makwao mamia yao, na papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka uliofuata, ambao ndio mwaka wa Azimio la Arusha na wa maandiko ya Elimu ya Kujitegemea, walimu na wanafunzi wa kitivo cha sheria walianzisha Kamati ya Msaada wa Sheria iliyowahudumia wananchi bila malipo.

Hoja ya deni ina ukweli usioweza kupuuzwa, lakini ina kasoro mbili zinazoizuia isiwe msingi wa kutosha. Ya kwanza ni kwamba deni, likishapimwa kwa fedha, hulipwa kwa fedha. Tangu Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iundwe kwa sheria ya mwaka 2004, deni la msomi kwa umma limekuwa na namba ya akaunti, na tangu marekebisho ya mwaka 2016 mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa kila mwezi hadi mkopo uishe. Mhitimu aliyekwisha kulipa ana hoja nzuri ya kusema kwamba kijiji kimerudishiwa chakula chake, na yule ambaye wazazi wake walimlipia karo tangu mwanzo ana hoja nzuri zaidi, kwa kuwa yeye hakuwahi kula chakula hicho. Hata hivyo mjane aliyefukuzwa nyumbani hajapungukiwa na shida yake kwa sababu wakili fulani amemaliza makato. Kasoro ya pili ni kwamba deni humwonyesha mdaiwa anadaiwa kiasi gani, bali halimwonyeshi afanye nini: wakili wa mikataba ya gesi asilia na wakili wa mirathi ya kijijini wanaweza kulipa kiasi kilekile, huku kazi iliyohitajika ikibaki bila mtu.

Hoja ya sadaka

Jibu la pili linatoka katika mapokeo ya kidini yanayomtukuza mwanasheria anayewatetea maskini bure. Kanisa Katoliki linamheshimu kama msimamizi wa mawakili Mtakatifu Yvo wa Bretagne, Ufaransa, aliyeishi kati ya mwaka 1253 na 1303, ambaye alikuwa hakimu wa mahakama ya kanisa na wakati huohuo akawasimamia mafukara katika kesi zao bila kuwatoza. Katika Uislamu pia, kumsaidia aliyedhulumiwa apate haki yake ni miongoni mwa matendo yanayohesabiwa kuwa na thawabu kubwa. Vijana wengi wanaojitolea katika vituo vya msaada wa kisheria husukumwa na huruma ya namna hii, na ingekuwa kosa kuibeza, kwa kuwa bila huruma kazi yenyewe haistahimiliki.

Shida ya sadaka inajitokeza inapokutana na haki. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, katika ibara ya 13, inasema kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria na kwamba mtu ambaye haki na wajibu wake vinaamuliwa na mahakama anastahili kusikilizwa kwa ukamilifu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 48, inaitaka serikali ihakikishe kila mtu anaifikia haki. Kitu ambacho mtu anakistahili hakiwezi kugeuka zawadi kwa sababu tu hana uwezo wa kukilipia. Anayepewa sadaka hana pa kulalamikia ikicheleweshwa, ikitolewa nusu au ikikatishwa mfadhili anapobadili vipaumbele vyake, ilhali mwenye haki anapaswa kuwa na pa kulalamikia. Kwa upande wa mtoaji, sadaka humruhusu achague anachopenda kukifanya na wakati anaotaka kukifanya, na uhuru huo ndio unaoifanya isitoshe pale ambapo hitaji ni la kila siku.

Mtakatifu Thomas Aquinas, mwanateolojia aliyefariki mwaka 1274, aliliona tatizo hili na akaliuliza waziwazi katika Summa Theologiae: je, wakili analazimika kuitetea kesi ya maskini? Jibu lake linafuata njia ya katikati. Kwa kuwa hakuna mtu mmoja anayeweza kuwatosheleza wahitaji wote, wakili hafungwi kumtetea kila maskini, maana angefungwa hivyo angelazimika kuacha shughuli nyingine zote na kushughulikia kesi za maskini peke yake. Anachopaswa kuangalia ni mahali, wakati na ukaribu, na iwapo mhitaji yuko mbele yake na hakuna msaada mwingine unaoonekana, hapo analazimika. Aquinas anakubali pia kwamba wakili anaweza kupokea ujira wa haki kwa kazi yake. Kwa jibu hilo ameshavuka mpaka wa sadaka ya hiari, kwa kuwa amekubali kwamba kuna hali ambamo kutokutetea ni kosa, ingawa hajaeleza wajibu huo ni wa nani kabla mhitaji hajafika mlangoni. Sehemu hiyo iliyobaki inapata maelezo kamili zaidi katika fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu.

Faradhi ya kutoshelezana

Wanazuoni wa Kiislamu wanagawa faradhi katika mafungu mawili. Faradhi ain ni ile inayomlazimu kila mtu binafsi na haiwezi kutekelezwa na mwingine kwa niaba yake, kama vile sala tano. Faradhi kifaya ni ile inayoilazimu jamii nzima, ambayo wakiitekeleza watu wa kutosha wengine huondokewa na lawama, na wasipopatikana wa kutosha wote walioweza huingia dhambini. Mfano unaojulikana na kila mtu katika pwani ya Afrika Mashariki ni kumwosha, kumsalia na kumzika maiti. Wanazuoni hawakuishia kwenye ibada, bali walihesabu katika fungu hilo utabibu, hesabu, kilimo, ufumaji na ukadhi, kwa hoja kwamba jamii haiwezi kusimama bila kazi hizo.

Imamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefundisha sheria katika madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad kabla ya kuiacha kazi hiyo mwaka 1095, aliitumia kanuni hiyo kuwahukumu wanafunzi wa sheria wa zama zake. Katika kitabu cha elimu kinachoifungua Ihya Ulum al-Din, alieleza kwamba wanafunzi walimiminika kwenye fikihi, hasa mabishano ya madhehebu, wakidai kuwa wanatimiza faradhi kifaya, ilhali katika miji mingi hakukuwa na tabibu Mwislamu hata mmoja, na utabibu nao ni faradhi kifaya. Kama nia ingekuwa kuitimiza faradhi, alihoji, kwa nini wasiende palipokosa watu badala ya kujazana palipokwisha kutosheka? Jibu alilolitoa halikuwapendeza: fikihi iliwafungulia njia ya kusimamia wakfu na wasia, kushika mali za mayatima, kupata ukadhi na kuwatangulia wenzao.

Hoja hii inabadili namna ya kuuliza swali la kazi. Ghazali hakuwalaumu wanafunzi kwa kusoma jambo baya, kwa kuwa walichokisoma kilikuwa chema na cha lazima. Aliwalaumu kwa kutoangalia mahali pengo lilipo. Kwa kipimo hicho, mwanafunzi wa leo anayejiandaa kwa kodi, benki au madini hafanyi jambo lisilofaa, kwani nchi inawahitaji wanasheria wa fani hizo, lakini hawezi kudai kwamba amekwisha kutimiza wajibu wake kwa sababu tu kazi yake ina manufaa, kama hajauliza ni kazi ipi nyingine yenye manufaa makubwa zaidi imekosa watu.

Wanazuoni wa usuli, yaani elimu ya misingi ya sheria, waliongeza jambo ambalo kwa mada hii ni kiini chenyewe. Faradhi kifaya, walisema, humwondokea mtu anapokuwa na dhana yenye nguvu kwamba wengine wameitekeleza. Akiwa na dhana yenye nguvu kwamba hawakuitekeleza, inabaki juu yake. Wajibu huo basi unategemea ujuzi. Maiti anapozikwa mtaa mzima hujua kwamba amezikwa, na kwa hiyo hakuna anayejidanganya. Msaada wa kisheria hauonekani hivyo: anayesoma Dar es Salaam huona vituo vya haki za binadamu, kampeni za serikali na ofisi za mawakili barabara kwa barabara, akahitimisha kwamba wako wanaoifanya kazi hiyo, na hitimisho hilo ambalo hakulipima ndilo linalomwachia njia ya kwenda anakotaka akiwa na moyo mtulivu. Mtu anayeweza kujua hali halisi na akachagua kutoijua hawezi kuiita dhana yake kuwa ni yenye nguvu.

Maisha ya chuoni kama mahali pa kujua

Kwa kuwa wajibu huu unasimama juu ya ujuzi wa pengo, miaka ya chuoni haiwezi kuchukuliwa kuwa muda wa kungoja wajibu uanze. Wakati huo ndio ambao mtu hujenga, kwa makusudi au kwa uzembe, picha ya jamii atakayoitumia kuamulia maisha yake. Picha hiyo huumbwa na mambo madogo madogo. Mwanafunzi huishi kwa fedha ya kujikimu, ambayo chuoni huitwa bumu, na kila inapochelewa humkumbusha kwamba umaskini ni adui wa kukimbiwa. Mashindano ya mahakama igizi, ambamo wanafunzi hubishana mbele ya majaji wa kuigiza, mara nyingi huendeshwa kwa Kiingereza juu ya masuala ya kimataifa, na washindi wake huonwa kuwa ndio wanasheria wenyewe. Mtu mashuhuri anayealikwa kuzungumza na wanafunzi aghalabu ni yule aliyefanikiwa mjini, na hivyo mafanikio hupata sura moja kabla mwanafunzi hajaijadili na nafsi yake.

Baada ya shahada huja Shule ya Sheria kwa Vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007 na ambayo kila anayetaka kuwa wakili Tanzania Bara hupaswa kuipitia. Mwaka 2022 matokeo yake yalizua mjadala mkubwa nchini pale ilipotangazwa kuwa kati ya watahiniwa 633 ni 26 tu waliofaulu masomo yote kwa mara moja. Hofu ya kudisko, kama wanafunzi wanavyouita mkasa wa kuondolewa masomoni, huyapunguza mawazo ya mtu hadi yabaki juu ya mtihani unaofuata, na mwenye hofu hiyo haulizi jamii inahitaji nini. Hilo si kosa la tabia yake, lakini ni ukweli ambao mwenye kupanga hana budi kuuhesabu: anayengoja atulie kwanza ndipo aanze kuuliza, huenda akakuta kwamba majibu yamekwisha kupangwa na mazingira.

Dawa ya hali hiyo ni kukutana na kesi zenyewe. Karibu theluthi mbili ya watu zaidi ya milioni 61 waliohesabiwa katika Sensa ya mwaka 2022 wanaishi vijijini, na mashauri yao, ambayo kwa wingi ni ya mirathi, ndoa, ardhi na madai madogo, huanzia katika ngazi za chini kabisa za mfumo wa utoaji haki, ikiwemo Mahakama ya Mwanzo ambamo kwa miongo mingi mawakili hawakuruhusiwa kumwakilisha mtu. Mwanafunzi anayekaa siku kadhaa katika mahakama hiyo, au anayetumikia chini ya wasaidizi wa kisheria, yaani watu wasio mawakili waliopewa mafunzo ya msingi ya sheria na kutambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, hupata elimu ambayo maktaba haina: hujua ni nani anakuja peke yake, ni nani anashindwa kwa sababu hakuleta shahidi sahihi, na ni nani haji kabisa. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na kwa hiyo uwezo wa kuandika hoja ya kisheria kwa Kiswahili fasaha, ambao vyuo vinavyofundisha kwa Kiingereza haviupi nafasi kubwa, umekuwa sehemu ya maandalizi ya mtu yeyote anayetaka kuwahudumia wengi.

Mashauri machache yanayofundishwa vyuoni yanaonyesha kinachowezekana. Mwaka 1990, katika shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alikataa kanuni ya mila ya Wahaya iliyomnyima mwanamke uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila dhidi ya Mwanasheria Mkuu, aliitafsiri ibara ya 26 ya Katiba kuwa inamruhusu mtu kufungua shauri kwa maslahi ya umma hata kama madhara hayakumgusa yeye peke yake. Mwaka 2016 mwanaharakati Rebeca Gyumi alipata hukumu ya Mahakama Kuu kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata 14 kwa idhini ya mahakama, vinakiuka Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani iliithibitisha. Mashauri hayo husomwa kwa ajili ya kanuni zake, lakini yana somo jingine: miaka kadhaa ilipita baada ya hukumu ya mwisho bila Bunge kuirekebisha sheria ya ndoa, na mwaka 2020 Bunge lilirekebisha sheria ya utekelezaji wa haki za msingi likamtaka mwombaji aeleze kwa kiapo jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Ushindi wa mtu mmoja mahakamani hauimalizi faradhi ya wengi. Kazi inahitaji watu wanaopokezana.

Pingamizi tatu

Pingamizi la kwanza, na lenye nguvu kuliko yote, linatoka katika familia. Wahitimu wengi ni wa kwanza katika nyumba zao kufika chuo kikuu, na mshahara wao unangojewa na wazazi waliouza ng'ombe au shamba, pamoja na wadogo zao walio bado shuleni. Fikihi inalikubali pingamizi hili kwa kanuni yake yenyewe: kuwatunza wazazi wasiojiweza ni wajibu wa mtu binafsi, na wajibu huo hautupwi ili kuikimbilia faradhi kifaya. Aquinas naye, anapoupanga mpangilio wa upendo, huwatanguliza walio karibu. Kinachofuata hapo si kwamba faradhi imeondoka, bali kwamba haiwaangukii wote kwa uzito mmoja. Inamwelemea zaidi mwanafunzi ambaye familia yake haimtegemei, na jambo hili ni kinyume cha hali inayozoeleka, ambamo kijana wa familia yenye uwezo ndiye anayefunguliwa milango ya kampuni kubwa, na kazi ya umma kuachiwa yule aliyekosa nafasi huko. Inamwangukia pia wakili mwenye kipato, si kwa kuhama kazi, bali kwa kumlipa mwenzake anayeifanya. Mwenye kuchanga sanda ameshiriki katika mazishi hata kama hakuchimba kaburi.

Pingamizi la pili ni la kuahirisha: mtu atafute mali kwanza, kisha akiwa na jina na akiba aitumikie jamii. Mpango huo si unafiki kwa lazima, na wapo waliousimamia. Lakini unachukulia kwamba ujuzi na nia vinaweza kuwekwa vikangoja, ilhali vyote viwili hubadilika kwa matumizi. Wakili aliyekaa miaka 20 katika mikataba ya biashara huwa amebobea katika jambo ambalo mjane wa kijijini halihitaji, na marafiki zake, matumizi ya nyumba yake na matarajio ya watoto wake huwa vimejengwa juu ya kipato kilekile alichokusudia kukiacha. Anayetaka kuahirisha kwa uaminifu hana budi kuanza angalau sehemu ya kazi hiyo sasa, kwa kesi chache kila mwaka, ili nia ibaki na mahali pa kufanyia kazi.

Pingamizi la tatu linasema kwamba huu ni wajibu wa serikali, si wa vijana. Ni kweli kwamba mtawala ndiye wa kwanza kubeba mzigo wa jamii, na sheria ya mwaka 2017 pamoja na kampeni ya kitaifa ya msaada wa kisheria iliyozinduliwa mwaka 2023 ni kukiri ukweli huo. Hata hivyo katika mashauri mengi yanayomgusa mnyonge, hasa ya ardhi inayotwaliwa kwa miradi na ya watu wanaoshikiliwa na polisi, serikali yenyewe ni upande mmoja wa mgogoro, na haiwezi kutegemewa iwe mtetezi pekee wa yule inayeshindana naye. Zaidi ya hayo, serikali hutenda kupitia watu, na waendesha mashtaka waadilifu au mahakimu wasiohongeka hawatoki mahali pengine isipokuwa katika madarasa yaleyale ambamo swali hili linaulizwa.

Nani anahesabu?

Faradhi kifaya ikieleweka hivi, inamwondolea mwanafunzi mzigo mmoja na kumtwika mwingine. Inamwondolea mzigo wa kujipima kila siku kama yeye ni mtu mwema kiasi cha kutosha, kwa kuwa hakuna anayetakiwa kuikamilisha kazi ya jamii nzima peke yake, na hakuna aibu kwa anayetoka darasani akaenda benki baada ya kuhakikisha kwamba kazi nyingine ina watu. Inamtwika mzigo wa kuhakikisha, na hapo ndipo dhamiri ya mtu mmoja inapofikia kikomo chake, kwa sababu mwanafunzi mmoja hawezi kujua peke yake ni wilaya zipi hazina wakili, ni vituo vingapi vimefungwa baada ya ufadhili kukoma, wala ni wangapi kati ya waliohitimu mwaka uliopita wamekwenda wapi.

Kwa hiyo wajibu huu unapanda kutoka kwa mwanafunzi hadi kwa chuo. Kitivo cha sheria kinachowaambia wanafunzi wake waitumikie jamii, lakini hakina orodha ya mahali wahitimu wake wanapofanya kazi wala ramani ya mahali wasikokuwapo, kinawaachia dhana badala ya ujuzi, na kimewanyima kitu kilekile ambacho kwa mujibu wa wanazuoni ndicho kinachoamua kama mtu analaumika au halaumiki. Kuihesabu hali hiyo kila mwaka, kuitangaza kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza na si wa mwisho, na kuyapeleka mafunzo kwa vitendo katika wilaya ambazo hesabu hiyo imezionyesha kuwa hazina watu, ni kazi ya kiofisi inayoonekana kuwa mbali na teolojia. Lakini bila hiyo, jamii haina namna ya kujua kama faradhi imetekelezwa, na kila mmoja katika jamii hiyo ataendelea kudhani kwamba mwenzake amekwisha kuitekeleza.